Muulize Fundi: Nyutro inagoma injini ikiwaka, inaingia ikizimwa

SWALI

Fundi, shikamoo. Nina Honda CB350 ya mwaka 1971, ile ya silinda mbili, niliyoachiwa na baba mdogo. Ilikuwa imesimama stoo miaka sita. Nimesafisha kabureta, nimeweka betri mpya na oili mpya. Usukani wa zamani ulikuwa umepinda, kwa hiyo nikafunga mwingine ulioinuka zaidi, pamoja na waya mpya wa klachi. Injini inawaka kwa kiki ya pili na inanguruma vizuri. Shida ni gia. Asubuhi nikiingiza namba moja inapiga kishindo na pikipiki inaruka mbele, ingawa nimebana klachi hadi mwisho. Ikishapata moto, nikisimama kwenye taa siipati nyutro hata nifanyeje: nikitoka moja naangukia mbili, nikirudi kutoka mbili naangukia moja. Nikizima injini, nyutro inaingia kwa kuigusa tu. Kupanda kutoka mbili kwenda tatu lazima nisukume kwa nguvu, mpaka kiatu cha kushoto kimeanza kuchanika juu. Fundi niliyempelekea amesema foku za gia zimepinda, injini ishushwe na kupasuliwa. Hakuna njia nyingine kabla ya hapo?

Mrithi wa CB350

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakuomba usiipasue injini hiyo, angalau si wiki hii.

Katika barua yako kuna sentensi niliyoirudia mara tatu: "Nikizima injini, nyutro inaingia kwa kuigusa tu." Foku ni uma mdogo unaosogeza gia ndani ya giaboksi, na iliyopinda hainyooki kwa sababu umezima swichi. Ulipozima, kilichobadilika ni kimoja: injini imeacha kuizungusha giaboksi kupitia klachi. Maana yake ni kwamba ulipokuwa umesimama kwenye taa, mkono wa klachi umebanwa hadi mwisho, klachi yenyewe ilikuwa haijaachia. Ilikuwa inaburuta.

Ngoja nikueleze kinachotokea ndani, maana ukishakiona kichwani hutayumbishwa na mtu. Katika giaboksi yako gia zote tano zimeshikana na wenzake muda wote. Hazisogei kwenda kukutana meno kwa meno kama wengi wanavyodhani. Kinachoingia na kutoka ni meno mafupi, manene, yaliyo ubavuni mwa gia, ambayo huzama katika matundu ya gia jirani. Klachi ikiachia sawasawa, meno hayo hayana mzigo, na foku huyatoa na kuyaingiza bila taabu. Klachi ikiburuta hata kidogo, injini inaendelea kuyasukuma yakaegemea kingo za matundu, na hapo mguu wako unashindana na injini nzima. Nyutro ndiyo ya kwanza kugoma kwa sababu imekaa katikati ya moja na mbili, na safari ya kuifikia ni nusu tu ya safari ya kawaida ya pedali. Mguu uliolazimika kukusanya nguvu ili kuyachomoa meno hauwezi kusimama nusu ya njia. Utaipita tu.

Kabla hujashika spana, fanya majaribio mawili. La kwanza, injini ikiwa imezimwa: simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na usogeze pedali ya gia kwa mkono mwingine, kutoka moja hadi tano na kurudi. Usiguse klachi. Kila gia ikiingia kwa mlio mdogo ulio wazi, basi ngoma ya gia (silinda yenye mifereji inayoziongoza foku), foku na pedali vyote viko sawa kwa kiasi cha kukutosha. Lakini gurudumu lazima lizunguke. Likisimama kabisa, meno ya ubavuni yanaweza kukutana kichwa kwa kichwa na gia ikakataa. Huo si ugonjwa.

Jaribio la pili: gurudumu la nyuma likiwa bado hewani, washa injini, iache ipate moto, bana klachi, ingiza namba moja. Gurudumu litazunguka kidogo, kwa sababu oili iliyo kati ya pleti, zile sahani nyembamba za klachi zinazobanana kupeleka nguvu, hulivuta. Sasa kanyaga breki ya nyuma taratibu. Weka mikono mbali na gurudumu na cheni, tumia pedali ya breki tu. Gurudumu likisimama bila injini kubadili sauti, klachi inaachia. Injini ikididimia au ikizima, klachi inaburuta. Nina hakika yako itadidimia.

Nasisitiza hivi kwa sababu moja. Nikiwa kijana katika karakana niliyojifunzia kazi, nilishusha injini ya pikipiki iliyokuwa na malalamiko kama yako, nikaipasua, nikapanga gia moja moja juu ya magazeti kwa mpangilio. Foku zilikuwa nyoofu. Tukaifunga kwa gasketi mpya, tukairudisha kwenye fremu, na gia zikawa ngumu vilevile. Chanzo kilikuwa waya wa klachi uliopitishwa vibaya chini ya tangi, ukabanwa kila usukani ulipogeuka. Mwenye pikipiki alikaa wiki tano bila chombo chake, na alipokuja kukichukua hakusema neno. Ule ukimya wake ninao mpaka leo. Tangu siku ile, giaboksi ndiyo mahali pa mwisho ninapopatazama.

Kwa hiyo anza na waya, hasa wewe uliyebadili usukani. Waya mfupi kwa usukani mrefu hukunjwa pembe kali shingoni, na waya uliozidi urefu hujipinda kitanzi. Vyote viwili huongeza msuguano na kukuibia mwendo. Chomoa upande wa chini, vuta waya wa ndani kwa vidole: uteleze bila kukwaruza mahali popote, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Kisha urudishe, mwombe mtu abane klachi huku wewe ukilitazama ganda la waya. Ganda hafifu hujifinya na kunyooka kila linapovutwa, na mwendo ambao ungepaswa kufika kwenye klachi unaishia humo. Utakuta mkono umefika mwisho huku chini pamesogea kidogo sana.

Mkono wenyewe nao utazame. Kama ulikuja na usukani mpya, huenda umbali kati ya boliti yake na tundu la waya si sawa na ule wa asili. Tofauti ya milimita chache hapo inapunguza urefu wa waya unaovutwa. Rudisha mkono wa asili ukiwa nao. Kama tundu lake la boliti limelika likawa la mviringo mrefu, nusu ya safari ya kwanza haivuti kitu.

Baada ya hapo nenda upande wa kushoto wa injini, nyuma ya mfuniko wa sproketi ya mbele. Hapo ndipo kilipo kisukumio cha klachi, kipande chenye uzi mpana kinachogeuka waya unapokivuta na kuisukuma fimbo inayopita katikati ya shafti ya gia hadi kwenye klachi upande wa kulia. Sehemu hiyo hupokea grisi yote ya cheni, mchanga na maji. Baada ya miaka sita nategemea utaikuta imekauka kama udongo. Ichomoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ikague uzi wake, ipake grisi mpya. Chomoa na fimbo pia, uiviringishe juu ya kioo: ikiyumba imepinda. Tazama ncha zake, zikiwa zimepondeka na kutanuka kama uyoga, ufupi huo ni mwendo uliopotea.

Wakati wa kurudisha, fuata utaratibu ambao watu wengi huugeuza. Legeza kwanza virekebishi vya waya, cha juu na cha chini, hadi waya uwe mlegevu kabisa. Halafu rekebisha skrubu ya kisukumio kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, ufunge nati yake. Mwisho ndipo ukaze waya mpaka ncha ya mkono wa klachi iwe na mlegezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuwa nzito. Anayeanza na waya huumaliza waya wote akidhani anarekebisha klachi, na kisukumio kinabaki kimekaa vibaya palepale.

Hukuniambia umeweka oili gani. Injini yako hutumia oili moja kwa kila kitu, yaani injini, klachi na gia, lita 2 hivi. Weka 10W-40 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Usiitafute alama hiyo kwenye kitabu cha 1971, kiwango hicho kilitoka mwaka 1998, lakini ndicho kinachohakikisha oili inafaa klachi inayoogelea kwenye oili. Oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze, ambayo ni shida nyingine: injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Oili nzito mno ndiyo huzidisha kuburuta, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Na mizunguko ya injini ikiwaka bila kuongezwa mafuta, pikipiki ikiwa imesimama, isizidi sana 1,200 kwa dakika. Ikiwa juu, namba moja itapiga kishindo hata klachi ikiwa mpya.

Kuna uwezekano mkubwa pia kwamba pleti zenyewe zimegandana kwa kukaa. Kabla ya kuzifungua, pasha injini moto kabisa, izime, ingiza gia ya juu, bana klachi, usukume pikipiki mbele na nyuma kwa mishtuko midogo. Nimeona zikiachana kwa njia hiyo tu, na kishindo cha asubuhi kikaisha.

Yote haya yakishindikana, fungua mfuniko wa kulia. Mwaga oili, ondoa mkono wa kiki, na kabla hujagusa skrubu hata moja sikiliza hili: skrubu za pikipiki za Japani za enzi hiyo zinafanana na za msalaba wa kawaida lakini si sawa. Zinataka bisibisi ya kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Ile ya kawaida hupanda, hula kichwa cha skrubu, na utajikuta unaitoboa kwa drili. Tafuta bisibisi sahihi, na bora iwe ya kugongwa kwa nyundo.

Ndani utakuta klachi na chujio la oili linalozunguka. Chomoa pleti moja moja uzipange kwa mfuatano uleule. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo na ujaribu kupenyeza fila geji (ubapa mwembamba wa kupimia nafasi) ya milimita 0.3 chini ya ukingo. Ikipenya, pleti imejikunja na ndiyo inayogusa wenzake klachi inapoachia. Zilizogeuka rangi ya buluu ziliungua, usizirudishe. Pleti zenye vipande vya msuguano zipime unene ulinganishe na kitabu.

Halafu kipite ukucha kikapu cha klachi, kwenye zile kingo ambamo masikio ya pleti hupanda na kushuka. Hapa ndipo ninapokuomba utulie. Kwa miaka hamsini masikio ya chuma yamekuwa yakigonga alumini, na kila pigo huacha kidato. Pleti ikitaka kujitenga inakwama kwenye kidato hicho, na klachi inaburuta hata kama kila kitu kingine ni kipya. Watu hununua pleti, springi na waya, wakaacha vidato, na shida inarudi siku hiyohiyo. Vidato vyembamba vilainishe kwa tupa laini, pande zote kwa usawa, bila tamaa ya kufikia chini kabisa kama vimezama, maana ukiondoa chuma kingi masikio yatacheza na kugonga zaidi. Vikiwa virefu, kikapu kibadilishwe. Angalia na kitovu cha ndani kwa namna hiyohiyo.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili ileile usiku mzima kabla ya kufungwa. Springi zote ziwe na urefu mmoja, na boliti zake ndogo zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, si zaidi ya Nm 10 hivi (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Nimeona nguzo za alumini zilizokatika kwa mkono wa haraka.

Umesema pia ya mbili kwenda tatu ni nzito. Sehemu kubwa ya uzito huo ni klachi ileile, lakini mfuniko wa kushoto ukiwa nje, tazama shafti ya pedali. Pikipiki ambayo usukani wake ulipinda iliwahi kuanguka, na ikianguka kushoto pedali ndiyo hupokea ardhi. Shafti iliyopinda kidogo hukwaruza kwenye tundu lake, na pedali haijirudishi katikati yenyewe baada ya kila gia. Isukume kwa kidole ukiwa umeachia kila kitu: irudi upesi, kwa springi yake. Isiporudi, gia inayofuata itakuta mkono wa ndani haujashika ngoma.

Fundi wako naye simwiti mjinga. Foku hupinda kweli. Lakini dalili zake ni nyingine: ugumu uko kwenye gia mbili zilezile tu, upo hata injini ikiwa imezimwa na gurudumu likizungushwa kwa mkono, na mara nyingi gia hujirudia yenyewe kwenye nyutro ukiongeza mafuta. Ukiyaona hayo baada ya jaribio la kwanza, mwambie ashushe injini, na mimi nitakuwa upande wake. Hadi hapo, acha kuikanyaga kwa nguvu. Foku ambayo leo ni nzima inaweza kupindwa na kiatu hicho hicho unacholalamika kinachanika.

SWALI

Fundi, pikipiki yangu ni Triumph Bonneville T120 ya 1967, gia mguu wa kulia. Kila asubuhi namba moja inaingia kwa kelele ya kutisha na injini inazima. Mchana kutwa inakwenda vizuri. Je, oili ya giaboksi imeisha?

Mpenda silinda mbili

JIBU

Ndugu yangu, kagua kiwango cha oili hiyo, lakini sidhani. Kwenye Triumph ya mwaka huo injini, kesi ya cheni ya klachi na giaboksi kila kimoja kina oili yake, na ya giaboksi haihusiki na pleti zilizogandana. Usiku kucha springi zinazibana pleti zenye oili baridi, asubuhi zinakuwa kama zimebandikwa gundi.

Kabla ya kuwasha, weka nyutro, bana klachi hadi mwisho, kisha kanyaga kiki taratibu mara tatu au nne. Mwanzoni utahisi inageuza injini, kwa sababu pleti bado zimeshikana. Ghafla itakuwa nyepesi: zimeachana. Achia klachi, washa kama kawaida. Enzi hizo kila mwenye pikipiki ya Uingereza alilifanya hili bila kulifikiria, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Ikiwa hata baada ya hapo kelele inabaki, fungua mfuniko wa kesi ya cheni, bana klachi, sukuma kiki kwa mkono, ukitazama pleti ya nje inavyozunguka. Klachi yako ina springi 3 tu, na zisipokuwa na nguvu sawa pleti hiyo huinuka upande mmoja na kuyumba kama sahani iliyozungushwa mezani, kwa hiyo upande mwingine hauachii kamwe. Upande unaoinuka zaidi ndio wenye springi legevu. Kaza nati yake nusu mzunguko, jaribu tena, mpaka pleti izunguke bila kuyumba. Halafu ile skrubu ya katikati: legeza waya kwanza, ikaze mpaka iguse fimbo, irudishe mzunguko mmoja, ufunge nati, ndipo uukaze waya.